Sura ya Saba: Miwaridi ya Kale Chini ya Karisimbi

Anayetaka kupanda miwaridi ya kale Bugeshi ajiulize swali moja kabla hajashika jembe: mmea huu asili yake ni wapi, na huko kwao kuna majira gani? Mbolea, maji, mkasi na dawa vina nafasi yake, na nitavifikia. Lakini mkulima mgeni anayekosea jibu la swali hili anaweza kuhudumia shamba lake vizuri kwa miaka mitatu, akapata kichaka kilichonawiri majani, na asione maua ya maana.

Bugeshi ni kata ya Wilaya ya Rubavu, kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo. Ukitoka Gisenyi mjini, kando ya Ziwa Kivu, ambako maji yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi unavuka mita 2,000, na kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua. Upande mmoja kuna Karisimbi, wenye mita 4,507, mrefu kuliko milima yote ya Virunga. Upande wa Kongo kuna Nyiragongo, volkano iliyo hai. Mpaka wa Kabuhanga unawaunganisha watu wa hapa na jirani zao wa Kibumba, ndiyo maana Kiswahili kinasikika sokoni pamoja na Kinyarwanda. Mashambani kuna viazi mviringo, pareto, mahindi, na maharage yanayopanda miti. Udongo ni mweusi na mwepesi, mtoto wa volkano. Mahali pengi ukichimba kidogo tu jembe linagonga jiwe la lava, lile lile linalojengewa kuta za kuzungushia maboma.

Usiku ni wa baridi mwaka mzima na watu wanajifunika blanketi nzito. Hata hivyo, hii si baridi ya miezi mitatu mfululizo inayoufanya mti upukutishe majani na kulala. Tuko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Mchana una takriban saa kumi na mbili Januari, na takriban saa kumi na mbili Julai. Mwaka tunaugawa kwa mvua: mvua kubwa kuanzia Machi hadi Mei, kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti, mvua tena kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Hakuna wakati ambao mwaridi unaambiwa na hewa kwamba sasa upumzike.

Kwamba maua yanaweza kustawi katika nchi hii ya mawe, ushahidi wake uko jirani kabisa, Mugongo. Rosamond Halsey Carr alizaliwa New Jersey, Marekani, mwaka 1912, akafanya kazi ya kuchora mitindo ya nguo New York, akaja Kongo mwaka 1949 pamoja na mumewe, Kenneth Carr. Ndoa ilipovunjika hakurudi kwao. Mwaka 1955 alihamia Mugongo kusimamia shamba la pareto, na baadaye akalinunua. Pareto ilipoacha kulipa alipanda maua ya kukata, akayauza kwa mahoteli na balozi. Mbele ya nyumba yake alitunza bustani ya mawaridi iliyojulikana na kila mgeni aliyepita njia ile, akiwemo rafiki yake Dian Fossey, mtafiti wa sokwe wa milimani. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, bibi huyu wa miaka 82 alirudi akakuta nyumba imeporwa. Desemba mwaka huo huo, pamoja na Sembagare, aliyekuwa msimamizi wa shamba lake kwa miaka mingi, alifungua kituo cha watoto yatima, Imbabazi, katika jengo lililokuwa la kukaushia pareto. Alifariki Septemba 2006. Kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitoka mwaka 1999.

Namtaja si kwa sababu maua yalikuja na mgeni. Namtaja kwa sababu kwa nusu karne shamba lake lilijibu swali ambalo mkulima wa viazi wa Bugeshi bado analiuliza: je, ua linaweza kulipa nafasi yake kwenye udongo huu? Liliweza. Na alikuwa amezungukwa na watu waliojua kulima, ambao mikono yao ndiyo iliyopalilia.

Sasa turudi kwenye asili. Wapenzi wa mawaridi duniani wamekubaliana kuyaita ya kale yale yote yaliyo katika koo zilizokuwepo kabla ya mwaka 1867. Mwaka huo Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa, alitoa waridi aliloliita 'La France', ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la ukoo wa kisasa, ukoo uliozaa mawaridi marefu ya madukani yenye ua moja kwenye kila shina. Ya kale ni mengine. Kichaka chake kina matawi mengi, ua lake limejaa petali na mara nyingi ni la duara au bapa, na mengi yana harufu inayokufikia kabla hujainama.

Lakini ndani ya hayo ya kale kuna koo mbili zisizofanana hata kidogo, na hapa ndipo mwanzilishi anapopotea. Ukoo wa kwanza ni wa Ulaya na Asia ya Magharibi: Gallica, Alba, Centifolia, na waridi la Dameski. Haya huchanua mara moja kwa mwaka, katika majira ya kuchipua, baada ya kupita baridi ya kweli. Mtu wa Pwani analijua waridi la Dameski hata kama hajawahi kuona mti wake, kwa kuwa marashi yanayonyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi za Unguja na Lamu ndiyo kazi yake. Huko Oman linalimwa kwenye matuta ya Jabal Akhdar, mita 2,000 hivi juu ya bahari, na watu huchuma petali kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, wakazichemsha na kukusanya mvuke unaogeuka kuwa maji ya waridi. Msomaji atasema: mita 2,000, si sawa na Bugeshi? Urefu ni sawa, majira si sawa. Jabal Akhdar iko mbali na ikweta, na Desemba hadi Februari baridi yake huushika mti ukanyamaza. Ikifika Machi, joto linaufungua wote kwa pamoja. Ukiuleta mti huo huo Bugeshi, hauambiwi ulale wala hauambiwi uamke. Utatoa majani, utatoa miiba, utatambaa kwa machipukizi ya chini hadi uingie kwenye viazi vya jirani, na maua utayatafuta.

Ukoo wa pili ni wa China. Wakulima wa bustani wa China walikuwa wamechagua kwa karne nyingi miwaridi inayochanua bila kusimama, na katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 michache ilisafirishwa kwa meli hadi Ulaya. Ulio maarufu zaidi ni ule wenye maua ya rangi ya waridi iliyopauka, wanaouita 'Old Blush'. Mwaka 1809 lilifika Uingereza la kwanza katika yale yanayoitwa mawaridi ya chai, na mwaka 1824 likafika la manjano. Tofauti yao na ya Ulaya imo ndani ya chembe zao. Mwaka 2012 watafiti, wakiwemo wa Angers nchini Ufaransa, walionyesha kwamba mwaridi unaochanua mara moja una jeni inayolizuia chipukizi lisitoe ua mpaka wakati wake. Katika miwaridi ya China jeni hiyo imeharibika, hivyo breki haipo. Kila chipukizi linalokomaa linamalizika kwa ua. Mmea wa namna hii hauhitaji kuambiwa na baridi. Unahitaji mwanga, maji na chakula, na Bugeshi inavyo vyote.

Kati ya koo hizi mbili kuna daraja, na linanifurahisha kwa sababu lilijengwa kwenye bahari yetu wenyewe. Kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska, zamani kiliitwa Bourbon. Walowezi wa Kifaransa walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi: safu za 'Old Blush' ya China zikichanganyika na waridi la Dameski la aina inayochanua mara mbili kwa mwaka. Nyuki walifanya kazi yao. Karibu na mwaka 1817 ulionekana mche usiofanana na wazazi wake, na mtaalamu wa mimea Jean Nicolas Bréon, aliyesimamia bustani ya serikali kisiwani, akapeleka mbegu Paris. Kutoka hapo ukatoka ukoo mzima unaoitwa Bourbon: harufu ya Dameski kutoka kwa mzazi mmoja, na uwezo wa kurudia kuchanua kutoka kwa mwingine. Huko Charleston, Carolina ya Kusini, jambo linalofanana na hilo lilitokea mwanzoni mwa karne ya 19. Mkulima wa mpunga John Champneys alipata mche uliozaa ukoo wa Noisette, miwaridi mirefu inayotoa maua kwa vichala.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza Bugeshi ni huu: panda damu ya China kwanza. Anza na 'Old Blush', kwa sababu inasamehe karibu kila kitu. Ongeza 'Mutabilis', ambayo ua lake hufunguka likiwa na rangi ya manjano iliyopauka, kesho yake huwa la rangi ya waridi, kisha huiva likawa jekundu lililokolea, hivyo kichaka kimoja huwa na rangi tatu kwa wakati mmoja. Katika mawaridi ya chai chukua 'Duchesse de Brabant', ya mwaka 1857, yenye ua la umbo la kikombe, la rangi ya waridi, na harufu nzuri. Kwenye ukuta weka Noisette moja. Mimea minne inamtosha mtu kujifunza, na atakayeanza na ishirini hataijua hata mmoja.

Wengi watatamani Bourbon iitwayo 'Souvenir de la Malmaison', ambayo Jean Béluze wa Lyon aliitoa mwaka 1843, kwa kuwa picha yake ni nzuri kupita kiasi. Ni kweli ni nzuri. Lakini petali zake ni nyingi na nyembamba. Zikilowa mvua ya siku mbili zinagandana, tumba linashindwa kufunguka na linaozea mtini. Aprili ya Bugeshi haina huruma na waridi la namna hiyo. Ipande mwaka wa tatu, chini ya upenuo wa nyumba, uifurahie Julai. Bourbon nyingine, 'Zéphirine Drouhin', haina miiba, jambo la heri kwenye nyumba yenye watoto, ila madoa meusi yanaipenda mno.

Miche hii si rahisi kuipata kwenye vitalu vya barabarani, ambavyo huuza zaidi miwaridi ya kisasa iliyounganishwa. Njia ya uhakika zaidi ni kutembea. Nyumba za zamani za Gisenyi kando ya ziwa, misheni, nyua za makanisa, na maboma ya wazee waliowahi kufanya kazi kwenye bustani za watu: huko ndiko kwenye vichaka vilivyodumu miongo bila kunyunyiziwa chochote. Piga hodi, salimia, omba. Kichaka kilichovumilia miaka arobaini mahali fulani kimekwisha kufaulu mtihani ambao hakuna katalogi inayoweza kuutoa. Jina lake huenda hakuna anayelijua, na halina ulazima. Kiite kwa jina la bibi aliyekupa. Tahadhari moja tu: usivushe miche mpakani mfukoni. Kuna kibali cha afya ya mimea kwa ajili hiyo, na sababu yake tutaiona mbele kidogo.

Tawi la kukata ni lile lililomaliza kuchanua karibuni, unene wa penseli, si laini kama la juzi wala gumu kama la mwaka juzi. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya fundo, ubaki na mafundo matatu au manne. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu. Lizamishe theluthi mbili kwenye mchanganyiko wa mchanga mkavu wa lava na mboji iliyochekechwa, mahali penye mwanga bila jua kali. Kinachofuata ni unyevu wa hewa. Vitabu vya nje huagiza mfuko wa nailoni, lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na hakuna hasara: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya jamu au ya mayonezi, ikifunikwa juu ya kipandikizi inafanya kazi ile ile na haipeperushwi na upepo. Iinue kidogo kila siku chache ili hewa ibadilike. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi nane. Usivute kupima. Kipandikizi kikitoa majani mapya na yakaendelea kukua, mizizi ipo. Miwaridi ya China, ya chai, Noisette na Bourbon hushika vizuri kwa njia hii, na mche wenye mizizi yake mwenyewe una faida kubwa: mbuzi akiula hadi ardhini, kitakachochipua ni ule ule uliopanda. Mche uliounganishwa ukiliwa hivyo, hurudi ukiwa mwaridi wa porini wa chini.

Udongo wa Bugeshi unahitaji kuelezwa kwa kina, kwa kuwa sifa na kasoro yake ni kitu kimoja. Majivu ya volkano yaliyooza huwa udongo mwepesi usiotuama maji, na mizizi ya mwaridi inachukia kuliko kitu chochote kukaa kwenye maji yaliyotuama. Hiyo ni bahati. Lakini udongo huo huo huishika fosforasi kwa nguvu na kuinyima mimea, kwa sababu madini yake ya alumini na chuma huigandamiza. Mkulima wa viazi anaiona hali hii kila msimu anaponunua mbolea. Kwa mwaridi, ambao unakaa shimoni miaka ishirini, dawa ni mboji kwa wingi. Samadi iliyooza vizuri hufunika sehemu zinazoishika fosforasi, kisha huitoa kidogo kidogo. Tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006, ng'ombe wamezifikia familia nyingi ambazo hazikuwa nao, kwa hiyo samadi haiko mbali. Ila isiwe mbichi. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta majani laini yanayoitia magonjwa. Iache miezi mitatu na zaidi, ukiigeuza, mpaka isinuke.

Chimba shimo la nusu mita kila upande. Ukikutana na jiwe, livunje au uhame; usiupande mwaridi kwenye bakuli la mawe. Changanya udongo wa juu na ndoo mbili za samadi iliyooza na konzi kadhaa za mifupa iliyosagwa, kutoka kwa wauza nyama. Majivu ya jikoni ni mazuri kwa konzi moja, si zaidi. Panda mvua za Septemba zikishatulia, ili mizizi ipate miezi minne ya unyevu kabla ya kiangazi kifupi. Machi pia inafaa, lakini mvua zake ni nzito na kiangazi kirefu kinakuja upesi nyuma yake. Miwaridi ya China ipe mita moja na zaidi kidogo. Ile ya chai ipe mita moja na nusu hadi mbili, hata kama inaonekana ni ujinga kuupa mche wa sentimita 20 nafasi yote hiyo. Mahali pasipo barafu haurudi nyuma kamwe. Unajengea juu ya tawi la mwaka jana.

Ukuta wa lava ni zawadi. Jiwe jeusi hunywa jua mchana na kulitoa polepole usiku, na miwaridi ya chai pamoja na Noisette, ambayo hupenda joto kuliko ile ya China, hushukuru kwa maua makubwa zaidi. Panda sentimita 40 au zaidi kutoka ukutani, kwa sababu chini kabisa ya ukuta mvua haifiki.

Kuhusu maji: nchi ya lava ina mito michache, kwani mvua hunywewa na mawe ikashuka chini kabisa, na watu wengi wanajua uzito wa dumu la lita 20 linalobebwa kutoka mbali. Siwezi kumshauri mtu amwagilie maua wakati nyumba ina kiu. Maji ya kufulia yaliyosafishia nguo mara ya mwisho yanafaa. Lita kumi kwa wiki kwa kila mmea uliokomaa, Julai na Agosti, zikimwagwa taratibu shinani, zinatosha, ilmradi udongo umefunikwa. Funika kwa nyasi kavu au maganda ya maharage, unene wa kiganja, bila kugusa shina.

Usifunike kwa mabua ya viazi. Hapa ndipo ile sababu ya kibali inapokuja. Mnyauko wa bakteria, unaoangusha viazi vikiwa bado kijani na kutoa ute mweupe ukikata shina, unasababishwa na kundi la vimelea ambavyo mwaka 2015 vilipatikana kwenye miwaridi ndani ya nyumba za kioo za Uholanzi. Ua na kiazi vinaweza kuugua ugonjwa wa jamii moja. Katika kata ambayo kiazi ndicho ada ya shule na paa la nyumba, mpenda maua hana haki ya kuleta mche usiokaguliwa, wala kupanda mwaridi kwenye shimo ambalo viazi vilinyauka.

Adui wa kila siku, hata hivyo, ni madoa meusi. Ni kuvu inayoota kwenye jani lililokaa na maji kwa saa saba au zaidi. Jani hugeuka manjano kuzunguka doa, kisha hudondoka. Bugeshi yenye ukungu na umande inampa nafasi nyingi. Kwa hiyo mahali pa kupanda pachaguliwe kwa jua la asubuhi: panda pale linapofika mapema likakausha majani, hata kama jioni ni kivuli. Usipande chini ya mikalitusi, inayodondosha maji baada ya mvua kukatika na kunyonya yale ya ardhini. Maji yamwagwe shinani, si majani. Majani yaliyodondoka yaokotwe na kufukiwa mbali au kuchomwa. Wenye bomba la dawa ya ukungu wa viazi huona ni jambo jepesi kupitisha na kwenye maua, na dawa nyingine hufanya kazi kweli. Napendelea mkulima achague mwaridi unaovumilia, akubali majani machache yenye madoa mwezi wa Aprili, na asizoee kuvuta dawa ile karibu na mlango ambapo watoto hucheza.

Vidukari, wale wadudu wa kijani wanaojazana kwenye machipukizi, ni jambo jingine, na jibu lake limeota ng'ambo ya barabara. Ua la pareto lina sumu ya wadudu ambayo milima hii imeiuza duniani kwa miongo mingi. Baridi ya juu ndiyo inayoufanya mmea huo utoe maua kwa wingi. Sumu yake huvunjwa na jua haraka, kwa hiyo haibaki sana, lakini inapopulizwa haichagui, na nyuki atakufa pamoja na kidukari. Pulizia machweo, nyuki wakisharudi mzingani, na pale tu penye wadudu. Mara nyingi vidole viwili na maji ya sabuni vinatosha. Wadudu kobe nao hula vidukari kwa pupa, na hawaji kwenye bustani iliyopuliziwa kila wiki.

Kupogoa kunawatisha wanaoanza, kwa sababu wamesoma vitabu vya nchi zenye theluji, ambako hukatwa hadi sentimita 20. Usifanye hivyo kwa miwaridi ya China na ya chai. Miaka miwili ya kwanza toa matawi yaliyokufa tu, na ukate maua yaliyonyauka ili nguvu isiende kwenye mbegu. Kuanzia mwaka wa tatu, katikati ya Agosti, punguza theluthi moja ya urefu, toa matawi yanayosuguana, fungua katikati hewa ipite. Machipukizi yatakutana na mvua za Septemba, na mnamo wiki sita au nane baadaye kichaka chote kitachanua kwa pamoja. Hilo ndilo linalofanana zaidi na majira ya kuchipua ambalo mkulima wa ikweta anaweza kuliumba kwa mkono wake.

Kwa Noisette na Bourbon zenye matawi marefu kuna kazi nzuri kuliko kukata: kuinamisha. Chipukizi la juu kabisa la tawi lililosimama hutuma ujumbe wa kemikali unaoyalaza machipukizi yote ya chini yake, hivyo tawi la mita mbili linatoa maua matatu juu. Liinamishe lilale sambamba na ardhi, ulifunge, na kila fundo linaamka. Tawi lile lile linatoa vichala kumi na tano kwa safu. Wakulima wa Bugeshi wanaoegesha maharage kwenye miti ya mikalitusi kila msimu wanavyo vifaa na ufundi wote unaohitajika. Funga kwa kamba za migomba au katani, si waya. Inamisha tawi likiwa bado changa, taratibu, siku mbili tatu, maana la zamani huvunjika.

Mwaka wa tatu utakuwa na maua kuliko nafasi ya nyumbani, na wengine watataka kuuza. Hapa lazima useme kweli na wanunuzi. Rwanda inasafirisha mawaridi nje, kutoka kwenye nyumba za vitalu za Gishari, Rwamagana, na yale yamezalishwa yavumilie ndege na baridi ya friji. La kale litakaa siku mbili au tatu kwenye chombo, pengine nne. Haliwezi kwenda Ulaya, na hata Kigali ni mbali ukichelewa. Soko lake ni Gisenyi: mahoteli ya kando ya ziwa, makanisa, na juu ya yote harusi, ambako petali za kumwagwa na harufu vina thamani kuliko urefu wa shina. Kata kabla jua halijapanda, saa kumi na mbili, tumba likiwa limelegea na petali za nje zimeanza kufunguka. Tumba gumu la mwaridi wa kale halitafunguka chomboni. Zamisha mashina kwenye ndoo ya maji hadi shingo kwa saa moja kivulini, kisha yabebe yakiwa humo humo ndani ya ndoo. Kwa petali za harusi chuma maua yaliyofunguka kabisa, yatandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, na yafikishe siku hiyo hiyo. Kubaliana bei kwa ndoo, wala si kwa shina, kwa kuwa mashina haya ni mafupi na yamepinda, na mnunuzi anayehesabu mashina atakupunja.